Kilima cha Salaita na makaburi ya vita Taveta: namna ya kwenda ukaelewa unachokiona

Watu wengi wakipita Taveta wakasikia kuna makaburi ya vita wanaingia mara moja, wanapiga picha mbili tatu za yale mawe yaliyojipanga, wanatoka. Robo saa imeisha. Nakwambia ukifanya hivo hujatembelea kitu, manake makaburi yale ni mwisho wa hadithi, na mwanzo wake uko nje ya mji kule barabara ya Voi kwenye kilima kimoja kidogo kinaitwa Salaita. Kwa hiyo panga siku yako hivi: kilima asubuhi, makaburi baadaye, na kati ya hapo uwe umeshajua ni nani utamkuta pale na nani hutamkuta hata utafute vipi. Hilo la mwisho kwangu ndio kubwa kuliko yote.

Tuanze na kilichotokea, kwa kifupi tu, ili ukifika usiwe unaangalia vichaka.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wameshika upande wa Tanganyika na Waingereza upande wa Kenya. Tarehe 15 Agosti 1914, vita havijamaliza hata wiki mbili huku kwetu, Wadachi wakavuka wakaichukua Taveta na wakakaa nayo mpaka Machi 1916. Mwaka mmoja na nusu hivi kipande cha Kenya ya leo kilikuwa mkononi mwao. Salaita wakaifanya ngome ya mbele, sababu kutoka pale tambarare yote ya mashariki iko wazi, mtu akitokea upande wa Voi anaonekana mapema sana. Waingereza nao mwaka 1915 wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuja huku, wakaweka kambi kubwa Maktau, maji wakayavuta kwa mabomba kutoka Bura kwa sababu ile nyika haina maji, alafu wakasogea mpaka Mbuyuni.

Tarehe 12 Februari 1916 wakaamua kukishambulia hicho kilima. Mbele waliwekwa askari wa Afrika Kusini, kikosi cha 5, cha 6 na cha 7, watu waliokuwa wameshuka melini juzijuzi na vita vya vichakani hawavijui. Makamanda walikadiria kilimani kuna adui kama 300 hivi, kumbe walikuwa zaidi ya 1,000. Mizinga ikapiga kileleni wee mpaka vumbi likafunika, lakini mahandaki hayakuwa kileleni, yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa na vichaka. Wale jamaa wakazungukia upande wa kaskazini wakaenda moja kwa moja kwenye bunduki. Walipoanza kurudi nyuma wakakutana na askari wa Wadachi wanakuja na singe. Waliowakinga wasimalizwe wote ni kikosi cha 130 cha Wabaluchi, wanajeshi wa Kihindi, ambao hao hao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau waziwazi kabla ya siku ile. Waafrika Kusini 138 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea kwa siku moja, na kilima hakikuchukuliwa.

Kilichukuliwa mwezi uliofuata bila vita kabisa. Jenerali Smuts, kamanda mpya wa Waingereza aliyetoka Afrika Kusini, alikuja akapitisha jeshi kwa juu, upande wa ziwa Chala, Wadachi wakaona watazungukwa wakaondoka Salaita wenyewe. Tarehe 10 Machi Taveta ikarudi kwa Waingereza, na usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi ndio yakatokea mapigano ya Latema na Reata, vile vilima viwili viko magharibi ya mji karibu na mpaka wa Tanzania. Shika hizo tarehe mbili kichwani, 12 Februari na 11 mpaka 12 Machi 1916, utazihitaji ukifika makaburini.

Sasa safari yenyewe. Ukitoka Nairobi au Mombasa njia ni Voi, kwa basi ama kwa treni ya SGR ile inayosimama vituo vya katikati, alafu hapo Voi unapanda matatu ya Taveta. Ni zaidi ya kilomita 100, lami mpaka mwisho, inapita Mwatate, Bura, Maktau, Mbuyuni. Kaa upande wa dirisha na usilale, kwa sababu hiyo barabara yenyewe ndio njia ya jeshi, karibu kila jina utakaloliona kwenye kibao lilikuwa kambi au uwanja wa mapigano, na kuna mahali utaona tuta la reli ya zamani linatembea sambamba na nyinyi. Kipande kikubwa kinapita katikati ya hifadhi ya Tsavo West, kwa hiyo kama una gari lako usishuke ovyo kujinyoosha au kupiga picha, ndovu wanavuka pale muda wowote. Ukitokea Tanzania ni rahisi zaidi, Moshi, Himo, Holili, unavuka mpaka, Taveta hiyo hapo. Beba hati ya kusafiria iliyo sawa na usisubiri kufika mpakani ndio ukumbuke.

Lala Taveta mjini. Usijaribu kutoka Voi asubuhi ukafanya yote na kurudi, utafika kilimani jua liko kichwani na pale hakuna kivuli cha maana. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko, mji unajaa, magari yanajaa ndizi na watu, kama unapenda pilikapilika chagua hizo siku, kama unataka bodaboda mwenye muda wa kukusubiri chagua siku nyingine.

Msimu pia uangalie. Machi mpaka Mei ni masika, na Oktoba mpaka Desemba mvua za vuli, nyasi zinakuwa juu na mahandaki hayaonekani kabisa. Januari na Februari ni joto kali lakini ardhi iko wazi, vichaka vimepukutika majani, na zaidi ya hapo unaiona nyika vile walivyoiona wale watu wa Februari 1916. Julai na Agosti ni baridi kidogo na ardhi imekauka, hiyo ndio miezi rahisi ukiwa na wazee au watoto.

Usiku kabla hujaenda kaa na simu yako nusu saa. Makaburi yanatunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ile CWGC iliyoanzishwa mwaka 1917. Tovuti yao unaweza kutafuta bure kwa jina la mtu au kwa jina la makaburi. Andika Taveta, itakuletea orodha ya waliozikwa. Chagua watu wanne au watano tu. Mmoja wa 12 Februari 1916, mmoja wa 11 au 12 Machi, mmoja wa miezi ya baadaye, mmoja ambaye umri wake umeandikwa. Andika kwenye karatasi, kikosi chake, cheo chake, tarehe. Hii ndio kazi ndogo inayobadilisha safari nzima, kwa sababu kesho yake kilimani utakuwa unajua kwamba kikosi cha fulani kilikuwa upande huu na jioni unaenda kusimama mbele ya jiwe la mtu aliyekuwa ndani yake.

Salaita iko kilomita kumi na kitu kutoka mjini, unarudi barabara ya Voi. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kweupe tu. Kubaliana na bodaboda bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, yote kabla hujapanda, na umwambie unaenda kilima cha Salaita kile cha vita. Beba maji, sio chupa moja ndogo, lita mbili kwa kila mtu, manake pale juu hakuna tone. Viatu vya kufunika kidole, suruali ndefu kwa ajili ya miiba, kofia. Kama utakuta watu wanachunga au wana vibanda karibu, wasalimie kwanza, jieleze umekuja kuona nini, omba ruhusa ya kupita. Kuna watoto watataka kukuongoza, zungumza na mkubwa wao kwanza. Lakini kama kuna mzee yuko tayari kukutembeza basi usiende peke yako hata kidogo, huyo anajua njia ya nyoka na njia ya mahandaki.

Na usikimbilie kupanda. Hili nalisisitiza. Simama kwanza chini, upande wa mashariki, mbali kidogo, ukiangalia kilima. Utashangaa ni kidogo, hakitishi, ni kama mtu anaweza kukimbia akakimaliza. Hivyo ndivyo walivyokiona. Kisha zunguka taratibu uende upande wa kaskazini, na ukiwa unatembea jiulize kila baada ya hatua mia unaona nini mbele yako. Huoni kitu. Vichaka vinakata macho, unasikia tu ndege na upepo, na kilele peke yake ndio kinaonekana juu ya miti, kwa hiyo hata wewe ungeambiwa adui yuko wapi ungenyoosha kidole kileleni. Walionyoosha mizinga kileleni walifanya hivyo hivyo.

Ukikaribia miguu ya kilima angalia chini. Mahandaki baada ya zaidi ya miaka 100 yamejaa udongo, yamebaki mabonde madogo marefu ya kina cha goti au pungufu, na mawe yaliyopangwa kwa mkono. Njia ya kuyatambua ni kufuata mstari, maji ya mvua hayachimbi kwa kuzunguka kilima usawa ule ule, maji yanashuka. Ukiona shimo linakata mteremko kwa upana na mbele yake kuna tuta dogo, hapo alikaa mtu na bunduki. Ingia, chuchumaa, angalia nje. Sasa hivi unaona kila kitu ambacho dakika kumi zilizopita ulikuwa hukioni, ule uwazi mdogo kati ya vichaka uliopita wewe mwenyewe uko sawasawa mbele ya macho yako. Hapo ndipo utaelewa kwa nini hesabu ilikuwa ile.

Alafu panda juu. Kama uliwahi asubuhi na mawingu hayajafunga utauona Kilimanjaro kaskazini magharibi, milima ya Pare kule kusini magharibi, nyuma yako milima ya Taita. Toa karatasi yako. Angalia mashariki walikotoka Waingereza, kaskazini walikozungukia Waafrika Kusini, magharibi Taveta na nyuma yake Latema na Reata. Soma yale majina kwa sauti kama una watu nawe. Mimi naona hapo ndio pahali pa kuyasoma kwanza, kabla ya jiwe.

Vitu usivyofanya pale, na hapa siongei kwa mzaha. Usiokote. Maganda ya risasi, vipande vya chupa, vyuma, bado vinapatikana na utaletewa hata vya kununua, usinunue, kwa sababu ukinunua leo kesho kuna mtu atachimba handaki ili apate kingine. Kitu kikishatoka mahali pake hakisemi tena lolote, ganda la risasi likiwa ndani ya handaki linakuambia nani alipiga kutoka wapi, likiwa mfukoni mwako ni chuma. Pia Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, mambo ya kihistoria sio ya kujichukulia. Na ukiona kitu kinafanana na kombora, hata kama kimeoza kutu, usikiguse, usikipige teke, weka alama kwa mbali na upige ripoti polisi.

Huko huko watu watakusimulia habari ya mbuyu, kwamba kulikuwa na mwanamke wa Kidachi aliyejificha ndani ya mbuyu akiwapiga Waingereza mmoja mmoja. Sikiliza hadithi yote, uliza aliisikia kwa nani, lakini uiweke kama hadithi inayosimuliwa.

Rudi mjini kabla ya saa tano, kula, pumzika, acha jua lipungue. Makaburini nenda saa kumi jioni. Sababu ni ya kimatendo kabisa, jua likiwa juu herufi zilizochongwa hazina kivuli na mawe mengine yamefifia hayasomeki, jua likilala upande kila herufi inasimama. Hakuna kiingilio. Uliza makaburi ya vita, utaelekezwa. Ukimkuta mtunzaji msalimie na umuulize anaanza kazi saa ngapi na majani ya pale anayamudu vipi kiangazi, anajua zaidi ya kibao chochote.

Ukiingia usiende kwenye jiwe lolote kwanza, tembea mpaka mwisho uone lote. Mawe yana kipimo kimoja. Huo ni utaratibu wa CWGC tangu mwanzo, kanali na askari wa kawaida jiwe sawa, hakuna kubwa hakuna dogo. Alafu anza kusoma. Juu kuna nembo ya kikosi, ukiona kichwa cha springbok, yule swala wa Afrika Kusini, huyo ni wa jeshi la Afrika Kusini, walikotoka vile vikosi vilivyopigwa Salaita. Chini ya nembo namba, cheo, jina, tarehe ya kufa, wakati mwingine umri. Kuna alama ya dini. Na chini kabisa wengine wana sentensi fupi, hiyo iliandikwa na familia, waliruhusiwa herufi 66 tu pamoja na nafasi za katikati, kwa hiyo mama au mke alilazimika kubana kila alichotaka kusema. Soma hizo polepole, usizipite. Jiwe lisilo na jina linaandikwa kwamba ni askari anayejulikana na Mungu.

Sasa tumia tarehe zako. Tenga waliokufa 12 Februari 1916, hao ni wa kilima ulichokuwa asubuhi. Tenga wa 11 na 12 Machi, hao ni wa Latema na Reata, usiku ule vikosi vilipanda gizani, vikarudishwa, vidogo vidogo vikabaki juu vimejificha mpaka alfajiri, na Smuts alikuwa ameshatoa amri ya kurudi nyuma kabla ya kugundua kwamba Wadachi wameondoka. Kamanda wa kikosi cha 3 cha KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, ile wazee wetu waliita Keya, Luteni Kanali Graham, aliuawa pale. Na waliobaki, wale wa miezi ya baadaye, usidhani wote waliuawa kwa risasi. Vita hivi vya Afrika Mashariki viliua zaidi kwa malaria na kuhara kuliko kwa bunduki, na mji uliobaki nyuma ya mstari wa mbele ukawa mji wa wagonjwa. Ukimuonyesha mtoto tofauti hiyo kwa tarehe tu ataelewa kuliko ukimpa somo la saa nzima.

Umemaliza? Rudi mwanzo utembee tena kila mstari, safari hii ukitafuta kitu kimoja tu, majina ya Kiafrika. Hesabu.

Kisha kumbuka nani alikuwepo. Keya ilianza vita ikiwa na vikosi vitatu na ikamaliza na 22. Upande wa Wadachi askari wengi walikuwa Waafrika pia, Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo, kiasi kwamba ndani ya vichaka vile Kiswahili kilisikika pande zote mbili. Na nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi, waliobeba maji, unga, risasi, majeruhi, kilo 25 kichwani siku baada ya siku. Katika miaka yote ya vita Waingereza waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja, na hesabu ya serikali yenyewe ikafikia vifo karibu 95,000, wengi wanaamini walizidi 100,000. Walikufa kwa unga ambao haukuiva, kwa baridi ya milimani bila blanketi, kwa kuhara. Kwenye sanamu za askari zilizowekwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam miaka ya 1920 imeandikwa kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Majina hakuna.

Hii haikuwa bahati mbaya wala uhaba wa karatasi. Mwaka 2021 CWGC wenyewe walitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba maafisa wa kikoloni waliona sawa makaburi ya Waafrika yaachwe yapotee porini. Yaani usawa ule unaouona kwenye mawe, kanali na askari wa kawaida kipimo kimoja, uliishia kwenye rangi. Mimi nasema hivi sio kumvunjia heshima kijana yeyote aliyelala Taveta, alikufa mbali na mama yake na anastahili jiwe lake na majani yaliyokatwa. Nasema kwa sababu ukiondoka pale ukidhani umeona waliokufa, umeona sehemu ndogo sana.

Kwa hiyo kama unapeleka wanafunzi au familia, tenga dakika za mwisho kwa hao. Simameni kwenye uwazi, sio mbele ya jiwe, na kama kuna mtu kwenye kundi ambaye babu yake mzaa babu alichukuliwa kuwa mpagazi basi ataje jina. Mara nyingi yupo. Kwa upande wa Taita waulize wazee pia habari ya watu wa Kasighau, ambao mwaka 1915 Waingereza waliwashutumu kwamba wamewasaidia Wadachi, wakahamishwa kijiji kizima kupelekwa Malindi, na wengi wakafia huko. Hawa hawakuwa hata wanajeshi. Ukimuuliza mzee, kaa chini kwanza, msalimie sawasawa, muulize habari za nyumbani, simu usiitoe kurekodi mpaka akubali.

Adabu za pale ndani ni zile za makaburi yoyote, usikalie mawe, usipite juu ya kaburi, redio na muziki zima. Picha ruhusa lakini sio za kupozi umeegemea jiwe la mtu. Kama herufi hazisomeki usipake chaki wala mkaa wala usisugue kwa brashi ya waya, inamaliza jiwe, mwagia maji kidogo au lenga mwanga wa simu kutokea pembeni. Ukileta maua toa ile nailoni. Dua au sala omba ya dini yako.

Kama unamtafuta mtu wako wa damu, mpagazi au askari wa Keya, usianze makaburini. Anza nyumbani. Andika jina lake, jina la baba yake, ukoo, kijiji, chifu wa wakati ule, misheni kama alibatizwa, na nani aliondoka naye siku moja. Wapagazi walivalishwa kibati chenye namba na kuandikishwa kwa wilaya na chifu wao, kwa hiyo jina la baba na la chifu linasaidia kuliko mwaka wa kuzaliwa. Ulizia kama familia ina kibati au medali kwenye sanduku la bibi, medali ina jina na namba pembeni kwenye ukingo, ipige picha kwenye mwanga. Alafu nenda hifadhi ya nyaraka za taifa pale Moi Avenue Nairobi, na wakati huo huo waandikie CWGC uwape ulichonacho, kwa sababu tangu ile ripoti wanakusanya majina yaliyoachwa. Na inawezekana kitu kikatoka, Cape Town mwezi wa Januari 2025 walifungua kumbukumbu mpya ya Waafrika zaidi ya 1,700 waliofanya kazi za jeshi wakafa bila kaburi linalojulikana, kila mmoja na jina lake. Usiogope kwamba taarifa zako ni nusu, wewe andika.

Kesho yake ukirudi Voi una vituo viwili njiani. Makaburi ya Voi yana kaburi la Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyejeruhiwa mguu karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 akakataa kubebwa ili abaki na majeruhi wasioweza kuondoka, akauawa akiwalinda, akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Na pale Maktau kuna makaburi ya askari wa Kihindi, watu wanapita kwa kasi hawajui. Kama gari linakuruhusu kusimama mahali pamoja tu basi simama Maktau, Dartnell ameshaandikwa sana na hao wa Maktau wageni wao ni wachache, mwambie dereva mapema kabla hamjatoka Taveta.